Kiti cha Norah

Siku ile mjinga alikuwa Mativo, na tulimalize hilo mapema asije akapata nafasi ya kujitetea.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Gikomba limefurika. Mativo, fundi wa kuchomelea vyuma kule Shauri Moyo, aliinama kwenye lundo la vyuma kuukuu akashika gurudumu dogo la mpira. Upande wa pili wa gurudumu kulikuwa na mkono mwingine, wenye bangili za shanga. Mwenye mkono alikuwa mwanamke mfupi, dera la manjano, raba nyeupe ambazo tope la Gikomba lilikuwa limeziogopa.

"Dada, wachia. Hili si la kigari cha mtoto. Ni la ndege."

"Basi ndege yako ije ilichukue yenyewe," alisema, akavuta.

Aliitwa Norah, mshonaji wa viti vya magari pale Mbotela. Gurudumu alilitaka kwa meza ya cherehani. Alimwachia kwa sharti kwamba aione hiyo ndege, na jioni hiyo akaiona ikijengwa nyuma ya karakana ya Mativo: mifupa ya mabomba, viti viwili kando kwa kando. Mwezi uliofuata alikuwa akipima kitambaa cha mabawa. Wa nne, mama mboga wa pale langoni alikuwa akiwaita Bwana na Bibi Ndege, na hakuna aliyekataa.

Kabla ya kuvisha mabawa, kilichobaki ni miguu. Magurudumu mawili makubwa hayakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wa tatu. Likikaa mkiani, ndege huwa nyepesi na hulala pua juu, propela mbali na mawe. Likikaa mbele, ndege husimama sawasawa na rubani huona njia. Norah alitaka la mbele, kwa sababu naye angejifunza kurusha. Mativo alikubali. Hata alimbusu kipaji cha uso.

Kisha Norah akaenda Siaya kumzika shangazi yake, wiki nzima. Ndete, fundi wa karakana jirani, akaja kuchungulia, akacheka mpaka tumbo lake kubwa likatikisika. Gurudumu la mbele, alisema, ni la watu wanaojifunza baiskeli. Sasa Mativo ni mtu anayevumilia cheche mwilini, lakini kicheko hakivumilii. Aliikata miguu, akaisogeza mbele, akafunga lile gurudumu la Gikomba mkiani.

Norah alirudi amesuka upya, gauni la rangi ya damu ya mzee, kitambaa cha mabawa kimekunjwa kwapani. Akaikuta ndege imekaa kama mbwa anayesubiri mfupa. Hakupiga kelele. Alipanda, akaketi kwenye kiti chake, akatazama mbele.

"Unaona nini, mpenzi?" Mativo aliuliza akitabasamu.

"Bati la pua. Na mawingu kidogo."

"Nitakuwekea mto."

Norah aligusa bomba la paa, nusu shubiri juu ya nywele zake.

"Uliniuliza lini?" alisema. Akashuka na kitambaa chake, akaenda.

Wiki mbili simu ya Norah ililia bure. Mativo aliandika samahani, akaandika mzaha, akatuma picha ya ndege isiyo na mabawa akidai inaona baridi. Zote zilisomwa. Hakuna iliyojibiwa.

Jumapili ya tatu aliingia kwenye kiti cha Norah. Aliteleza chini, magoti yakigonga vyuma, mpaka macho yake yakalingana na doa la mafuta ya nywele ambalo Norah alikuwa ameliacha kwenye egemeo. Akamwomba Ndete asimame mbele ya ndege, hatua kumi.

"Umesimama?"

"Si niko mbele yako, msee. Nakupungia mikono yote miwili."

Mativo alitazama. Bati. Mawingu kidogo. Injini ilikuwa imezimwa, lakini jasho lilimtoka kana kwamba propela inazunguka. Akatoa simu. Safari hii ikapokelewa.

"Sema."

"Nimekaa kwenye kiti chako."

Cherehani iliyokuwa ikisikika nyuma ya sauti yake ikasimama.

"Umeona nini?"

"Sijamwona Ndete. Na Ndete si mtu wa kukosa kuonekana."

Norah alicheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka, akasema anakuja.

Alipofika, Ndete alijua kujiondoa. Grainda ya kukatia vyuma ililala mezani kati yao. Mativo alisema anataka kwenda Siaya na wazee wake kupeleka posa, kabla ya mwezi wa nane, na baada ya hapo waruke pamoja hadi Yatta kwa mjomba wake Mativo, Norah kando yake.

"Kwa miguu ipi?" Norah aliuliza.

Hapo ndipo ukweli wote ulipotoka.

"Si maneno ya Ndete tu, Norah. Uwanja wa kutua kwa mjomba una mashimo. Gurudumu la mbele likiingia shimoni mguu unavunjika, tunapinduka, na wewe umo ndani. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Nikikupoteza pale, nitawaambia nini kwenu?"

Norah alimtazama. Macho yalimlowa kidogo, ila hakuyapa ruhusa. Alichukua grainda, akamwekea mkononi.

"Shimo linazibwa kwa jembe, Mativo. Mimi utanirefusha kwa kitu gani?"