Ufagio wa Mama Nyakuon

Huko Gurei, magharibi mwa Juba, watu huamshwa na ufagio wa Mama Nyakuon. Jua likichomoza, bibi huyu ameshafagia uwanja wote mpaka chini ya mizabibu. Majani makavu huyakusanya na kuyachoma. Uwanja hubaki mweupe.

"Nyumba ya mwanangu haitachekwa na majirani," husema.

Nyariek, mke wa mwanawe, alimpenda sana mama mkwe huyu. Lakini roho yake ilikuwa juu. Mizabibu ile aliileta yeye mwenyewe kutoka Kenya, vipande vya matawi vilivyofungwa kwa leso mbichi. Mwaka uliopita, yeye na mumewe Nhial waliacha mbolea ya dukani na dawa ya kuua magugu. Walitaka kilimo hai. Sasa majani yalikuwa ya njano, na zabibu zilinyauka zikiwa bado ndogo.

Nhial alikuwa amenoa jembe.

"Mama Both, tumejaribu," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mvua ikianza na bado iko hivi, naing'oa yote. Tupande mihogo."

Nyariek alimkimbilia Prossy, jirani yao kutoka Uganda, mtaalamu wa kilimo. Prossy alikuja, akachomeka kijiti ardhini. Kijiti kikavunjika.

"Eh! Udongo hii iko ngumu kama barabara. Mliacha mbolea ya duka, sawa. Lakini mliipa nini ingine?"

"Hatukuipa kitu. Si ndiyo kilimo hai?"

Prossy alicheka kwa upole.

"Hapana, dada. Udongo nayo inakula. Majani ikioza, inakuwa chakula. Wadudu ya chini inalegeza udongo, maji inaingia. Nyinyi mnachoma chakula yake! Funika na majani na nyasi kavu, lakini isiguse shina. Weka samadi ya mbuzi yenye imeoza vizuri. Katikati ya mistari panda kunde. Ikianza maua, kata, wacha ioze hapo hapo."

"Na ufagio?"

"Ufagio ikae mbali na mizabibu."

Nyariek alishika kichwa. Nani atamwambia mama mkwe aache kufagia? Alipika chai ya maziwa mengi, akaketi karibu naye.

"Mama, zamani kule kwenu, mtama ulimea vizuri wapi?"

"Pale ng'ombe walipokuwa wakilala," bibi alijibu mara moja. "Ulimpita baba Nhial, na yule alikuwa mrefu!"

"Na pale palikuwa pamefagiwa?"

Bibi aliitazama mizabibu, kisha ufagio wake. Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe nimeinyima chakula mizabibu yako, binti yangu."

"Mama, ulifagia kwa mapenzi. Hata mimi sikujua, mpaka Prossy aliponiambia tufunike udongo kwa majani na tupande kunde."

"Kalas, basi. Niletee hizo kunde."

Mvua ilipoanza, Nhial alitoka na jembe lake. Mama yake alisimama mbele ya mizabibu.

"Jembe hilo ni la kupandia kunde. Anza hapa."

Nhial alimtazama mkewe, akacheka, akainama kulima.

Msimu ule matunda yalikuwa machache, lakini majani yalirudi kijani. Msimu uliofuata, kijiti cha Prossy kilizama bila kuvunjika, na vichala vilining'inia vizito. Kichala cha kwanza Nyariek alimpa mama mkwe kwa mikono miwili.

Mama Nyakuon bado anafagia kila alfajiri. Ila siku hizi huanzia getini, akisukuma majani yote kuelekea kwenye mizabibu. Yakiisha, huenda kufagia kwa majirani.