Mwizi Aliyerudisha Rili

Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi, Inspekta Denise Kubiak wa ofisi ya sherifu alikuwa hajakutana na mwizi wa namna hii.

Jumanne, rili ya kuvulia samaki, kile chombo cha kuzungushia mshipi, ilitoweka kwenye banda la mashua la Norbert Zastrow, ukingoni mwa Ziwa Tamarak, kaskazini mwa Wisconsin. Alhamisi asubuhi ilikutwa inaning'inia kwenye msumari wake uleule, imefutwa vumbi na kupakwa mafuta mepesi. Kilichopotea ni mshipi wa kijani uliokuwa ndani yake. Mahali pake mwizi alikuwa amezungushia mshipi mpya wa kusuka, wa njano kama kiini cha yai.

"Huu ni uhalifu," alisema Norbert.

"Mzee, umerudishiwa rili, na mshipi mpya juu yake. Niandike nini kwenye jalada?"

"Andika Einar Tollefson. Kwa herufi kubwa."

Norbert alikuwa na miaka sabini na minne. Maisha yake yote aliyamaliza akimwinda maski, samaki mwenye meno ambaye watu wa huko humtupia chambo mara elfu kumi ndipo wamguse mmoja. Einar alikuwa mwenzake wa mashua kwa miaka arobaini. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kuvua ya wawili wawili, na hao wawili hawakuwa wamewahi kuyakosa.

"Ushahidi?"

Norbert aliupitisha mshipi kati ya kidole cha shahada na kidole gumba chenye plasta.

"Huu ni wa nguvu ya paundi themanini. Vidole vyangu havidanganyi, binti Kubiak. Mimi hufunga wa paundi mia, kijani iliyokolea. Mwembamba ukiuvuta kwa nguvu unazama kati ya mizunguko yake mwenyewe, ukirusha tena unakwama, chambo kinakatika kinakwenda zake. Sasa nani huku anahubiri themanini? Einar. Miaka kumi na moja, kila Ijumaa mji mzima ukikutana kula samaki wa kukaanga. Themanini unafika mbali, themanini unakata maji. Amenichosha."

"Na hii njano?"

"Kunidhalilisha tu. Maski akiuona huu ataenda kuwaita ndugu zake waje wacheke."

Inspekta alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole. Hakupata kitu, mafuta yalikuwa yamefuta zote. Akamkabidhi mzee maelezo yake ayasome na kutia sahihi.

"Nisomee wewe. Miwani nimeiacha ndani."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Sahihi yake ilitua nje kabisa ya mstari. Inspekta aliyaona yote mawili.

"Jumamosi utavua na nani?"

"Siingii mashua moja na mwizi. Nimekwisha kuwatangazia watu wote."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Urafiki wa miaka arobaini ulikuwa unakwenda na maji kwa sababu ya uzi. Inspekta aliitia rili kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda kwa mtuhumiwa.

Einar Tollefson alikuwa kwenye gati lake ananoa ndoana. Jitu refu, na maneno yake ya kuhesabu.

"Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Ziwani."

"Na nani?"

"Na maski mmoja. Hakubaki kutoa ushahidi."

"Mzee Tollefson, jambo hili si mzaha. Norbert amekutaja."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia." Sauti yake ilipungua. "Niione hiyo rili."

Alipouona mshipi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaza breki ya rili hadi mwisho, akajifunga mshipi mkononi, akavuta. Bobini, kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, ilitulia tuli. Mshipi wote ulizunguka juu yake kama pete iliyolegea kidoleni. Kicheko kikamwisha.

"Nani kafunga hii?"

"Wanasema wewe."

"Inspekta, niite mwizi, nitavumilia. Usiniite mtu aliyefunga hii." Alikuwa ameumia kweli. "Mshipi wa kusuka unateleza kwenye chuma. Unaanza na nailoni kidogo chini, ndipo ushike. Huku kila mtu anajua. Huyu kauzungusha juu ya chuma kitupu, kama vile... kama uzi wa..."

"Wa cherehani," alisema Inspekta. Akainusa rili. Mafuta yale aliyajua, mama yake alikuwa mshonaji.

Einar aliinamia ndoana zake ghafla.

"Unajua kitu, mzee."

"Najua Norbert anakunywa kahawa bila sukari. Mengine kaulize jikoni kwake."

Jikoni kwa Norbert, mkewe Arlene Zastrow alimkatia Inspekta kipande cha keki ya boga hata kabla hajaketi. Blanketi la viraka lilikuwa limetandazwa mezani, cherehani pembeni. Inspekta aliiweka rili juu ya viraka.

"Mama Arlene, kidole chako kina njano."

"Haradali hiyo."

"Na hiki kiraka cheupe nacho kimekula haradali?"

Arlene alikigeuza kiraka, akaendelea kushona.

"Bobini unaijazaje?"

"Kama kila mtu. Unachomeka uzi, unazungusha."

"Juu ya chuma kitupu?"

"Cherehani haina shida."

"Rili inayo. Mshipi wako unateleza. Maski wa kwanza angeuzungusha wote, Norbert abaki anamtazama akiondoka."

Sindano ilisimama. "Unateleza? Nami nimekaa saa mbili nimeukaza kwa kitambaa chenye maji..."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Akavua miwani, akaiweka juu ya viraka.

"Haya. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Haoni, Denise. Mwezi wa nane amejichoma ndoana mara tatu kwenye gumba lilelile. Chambo hajui kimeangukia wapi, anakisia kwa sauti ya maji. Nikampangia nyuzi saba hapa mezani, nikamwambia, nichagulie rangi ya blanketi. Akachagua njano. Siku ya pili nikazichanganya, akachagua njano. Nikajua hiyo ndiyo pekee anayoiona."

"Ungemwambia tu."

"Nimwambie Norbert Zastrow haoni? Angeuza mashua kesho yake, akae kwenye kile kiti kumngoja Mungu. Ziwa ndilo linalomwamsha asubuhi. Sikujua atamgeukia Einar. Tangu asubuhi nashona na kufumua."

"Na paundi themanini ulizitoa wapi?"

"Miaka kumi na moja Einar anazisema mezani, nami nimekaa hapohapo. Nina masikio."

Ubao wa sakafu ulilia. Norbert alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Ilionekana amesimama pale muda.

"Einar anajua?" aliuliza.

"Unadhani nani anakufungia mafundo tangu mwaka jana?" alisema Arlene.

"Alisema anafanya mazoezi."

"Mtu wa miaka sabini na sita, mazoezi ya nini?"

Norbert aliketi. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Nilidhani nimeficha vizuri."

"Miwani iko mfukoni, mzee," alisema Inspekta kwa upole. "Baba yangu alikuwa hivyohivyo. Mtoto wa jicho. Hospitali walimtoa asubuhi, mchana akala kwake."

"Na kama si mtoto wa jicho? Wakiniambia ndiyo basi tena?" Aliogopa, na hakuficha tena.

"Basi nitakutafutia rangi inayowaka zaidi ya hiyo," alisema Arlene.

Norbert aliipapasa rili, akavuta mshipi urefu wa mkono, akauinua kuelekea dirishani.

"Nauona," alisema.

Halafu akaomba simu.

"Einar. Njoo na nailoni. Fundi kaufunga juu ya chuma kitupu... Ndiyo, mwizi kapatikana. Nalala naye kitanda kimoja... Sikiliza, usikate. Kesho Ijumaa nitasimama mbele ya watu wote niseme nilikosea. Wewe kula samaki wako tu, usiseme kitu kuhusu themanini."

Inspekta alilifunga jalada na kuomba kipande cha pili cha keki.

Jumamosi walishika nafasi ya nne. Jumatatu daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa. Wiki chache baadaye, Norbert alikwenda bandani peke yake, akaitungua rili, akaitazama kwa macho yake mapya. Aliitazama sana.

"Arlene," aliita. "Huu mshipi ni mbaya kuliko nilivyodhani."

"Mwambie Einar akufungie wa kijani, basi," mkewe alijibu kutoka jikoni.

Norbert aliirudisha msumarini polepole, akaiweka sawa.

"Athubutu kuugusa," alisema. "Nitaita polisi."