Mlango wa Nyumba ya Saba

Ripeka Tuhoro hakwenda Port Chalmers kutafuta mashetani. Alikwenda kuchukua boksi la disketi.

"Safari ya nusu saa tu, dada," Gregor alimwambia kwenye simu. "Ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Bibi Morag mwenyewe keshajifia, hana wa kumgombeza. Ingia, chukua, toka."

Ilikuwa Juni, majira ya baridi huko kusini mwa dunia. Saa kumi na moja jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima, na barabara ya ukingo wa bandari ilikuwa nyeusi, imelowa. Ukungu ulitanda juu ya magogo yaliyorundikwa gatini. Ripeka aliendesha polepole, mawazo yote yakiwa kwenye kazi.

Kazi yao yeye na Gregor Baird ilikuwa kuhamisha gemu. Unachukua gemu iliyoandikwa kwa kompyuta kubwa ya mezani, unaifanya ikubali kuishi ndani ya kidude cha mkononi chenye kioo kama kiganja na kumbukumbu haba. Picha unazibana. Sauti unazibana. Alichokuwa akikifanya mchezaji kwa kipanya, unakifundisha kidole gumba. Ni kazi ya kukata nyama bila kumuua mnyama, na mjini Dunedin hakukuwa na mkono mwepesi kuliko wa Ripeka.

Walifahamiana tangu chuoni, miaka kumi na minane sasa. Walipanga nyumba moja mlimani, madirisha yakiota barafu kwa ndani, wakigombania hita moja na blanketi mbili. Hapo ndipo Gregor alipoanza kumwita dada. Harusi yake, Ripeka ndiye aliyeshika pete. Mke wake, Catriona, Ripeka alimwita wifi, na hakuna aliyeona ajabu.

Gemu hii iliitwa Nyumba Saba. Morag Tweedie aliiandika peke yake, miaka ishirini na mitano iliyopita. Kijiji cha ukungu, nyumba saba, na mchezaji anabisha hodi mlango baada ya mlango. Sita hufunguka. Wa saba haukuwahi kumfungukia mchezaji yeyote, na watu walikuwa bado wanabishana kuhusu kilichomo.

Kwenye kidude cha mkononi, kila Ripeka alipokanyaga ua wa nyumba ya saba, kila kitu kiliganda. Wiki tatu sasa. Na tarehe ishirini na nane gemu ilitakiwa kupelekwa sokoni.

"Kuna faili limekosekana," Gregor alisema. "Liko kwenye disketi za bibi."

Ufunguo ulikuwa pale pale chini ya chungu.

Ndani kulinuka majivu ya makaa na sufu iliyolowa. Ripeka alibonyeza swichi ya taa. Hakuna. Umeme ulikuwa umekatwa. Akawasha tochi ya simu, akaanza kupita ukumbini.

Tak. Tak-tak. Tak.

Akasimama.

Mtu alikuwa anapiga vitufe vya kibodi, chumba cha mwisho.

"Hodi?" Ripeka aliita. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Vitufe vikanyamaza. Kisha, taratibu... sauti ya msichana.

"Karibu. Funga mlango, baridi inaingia."

Ripeka alifika mlangoni mwa chumba kile: kompyuta ya zamani ilikuwa inawaka, katika nyumba isiyo na umeme. Mbele yake aliketi msichana, mgongo kwa Ripeka, nywele nyekundu zimeshuka mabegani. Alivaa gauni jepesi la wagonjwa. Mkononi alikuwa na ule utepe wa plastiki wa hospitali.

"Samahani," Ripeka alisema. "Nimeambiwa nyumba haina mtu. Nimefuata disketi."

"Ziko hapo chini, karibu na mguu wako." Msichana hakugeuka. "Mjomba ndiye aliyekutuma?"

"Mjomba gani?"

"Gregor."

Gregor alikuwa amemwambia Ripeka kwamba aliyeianza kazi hii alikuwa kijana fulani, akapata ajira Melbourne, akaondoka bila kuaga. Habari ya mpwa hakuitaja kabisa.

"Wewe ni nani?"

"Tamsin. Mama yangu ni dada yake Gregor." Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Mimi pia aliniambia ufunguo uko chini ya chungu. Mimi pia nilikuwa mwepesi wa mkono. Sikiliza, dada. Ukishalitia hilo faili, usibishe hodi nyumba ya saba. Mimi nilibisha."

"Sikuelewi. Hebu geuka tuongee vizuri."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Upande huo haukuchorwa."

Ripeka alipiga hatua moja kuzunguka kiti. Tochi ikatangulia. Ikagusa sikio, ikagusa shavu... na mbele ya shavu hapakuwa na kitu. Si jeraha, si giza. Pale penye uso palikuwa na nywele zile zile nyekundu, kama mgongo uliorudiwa mara ya pili.

Hakupiga kelele. Miguu ndiyo iliyomtoa nje, na mikono, kwa mazoea ya kazi tu, ikalibeba boksi.

Nyuma yake, kibodi ilianza tena.

Tak. Tak-tak.

*

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Gregor. Alimkuta Catriona jikoni, anapanga mikate ya jibini kwenye trei, nyumba nzima inanukia siagi.

"Wifi! Mbona umekuwa mweupe kama unga? Kaa, ule."

"Nitakula. Kwanza nimwone huyu."

Gregor alikuwa kwenye chumba chake cha kazi. Alipoliona boksi, uso ulimkunjuka. "Umelipata! Si nilikwambia? Wewe ni jembe, dada."

"Tamsin anakusalimu," Ripeka alisema.

Gregor hakuuliza Tamsin nani.

Hilo ndilo lililomuumiza Ripeka kwanza. Alikuwa amejiandaa kusikia akicheka. Alitamani sana acheke, amwambie ukungu umemwingia kichwani. Badala yake Gregor aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi kama mzee.

"Ana hali gani?" aliuliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Akamwambia, kwa vipande, macho sakafuni. Tamsin alikuwa hospitali tangu Machi. Macho wazi, moyo unapiga, hasemi, hali kwa mkono wake. Madaktari walikuwa wameishiwa majina ya kuuita ugonjwa huo. Mwezi ule ule, kabla ya kufa, Morag alimwita Gregor akamweleza. Gemu ile aliwahi kuihamisha mara moja, kutoka kompyuta yake ya kwanza kwenda ya pili. Dada wa Morag, aitwaye Jean, ndiye aliyebisha hodi siku ile. Jean alikaa kwenye kiti cha dirishani miaka tisa, hadi alipozikwa.

"Alisema kijiji chake hakihami bila mwenyeji," Gregor alinong'ona. "Wakati wa kuhama, anayebisha mlango wa saba ndiye anayekaa. Na akiingia mwingine kabla safari haijakwisha... wa kwanza hutoka."

"Kabla ya tarehe ishirini na nane."

Gregor aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo wiki tatu hizi," Ripeka alisema polepole, "kila asubuhi unaniletea kahawa, unaniuliza nimefika wapi, nimefika nyumba ya ngapi... ulikuwa unanipima urefu wa kaburi."

"Tamsin ana miaka ishirini na mbili! Ni mtoto wa dada yangu!"

"Na mimi ulikuwa unaniita nani?"

Jikoni Catriona alikuwa anaimba kidogo kidogo. Gregor alifunika uso kwa mikono. "Nilijaribu mwenyewe," alisema. "Naapa. Nilifika mpaka ua wa nyumba ya sita. Nikasikia Catriona anacheka chumba cha pili. Nikashindwa. Wewe... wewe huna mume, Ripeka. Huna mtoto. Nilijiambia..."

"Usimalizie."

Hakumalizia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na limeshaingia. Miaka kumi na minane alikuwa ameketi kwenye meza ya nyumba ile kila Krismasi, kumbe mwenyeji wake alikuwa amemhesabu, akaona ndiye anayeweza kupungua bila mtu kulia.

Aliondoka bila kugusa mkate. "Wifi, hata mmoja?" Catriona aliita mlangoni. Ripeka alipunga mkono tu, maana angefungua mdomo ungetoka ukunga.

*

Siku ya pili yake alikwenda Karitane kwa shangazi yake Hera. Shangazi, aliyekwisha kusikia yote kwa simu, hakumruhusu kuingia. Alimsimamisha uani, akamnyunyizia maji ya kumtakasa kichwani na mikononi huku akisali kwa lugha ya wazee wake, mvua nyepesi ikiwanyeshea wote wawili. Alipomaliza ndipo alipomshika mikono.

"Hicho kitu kiko wapi?"

"Kwenye gari."

"Kibaki huko huko. Kwangu hakiingii." Akamtazama kwa makini. "Na wewe, mwanangu, una hasira. Usiende nayo kule. Vitu kama hivyo havina mikono, vinaazima yetu."

Ripeka aliitikia. Alikuwa na nia njema kabisa siku ile. Alitaka kufuta kila kitu, disketi azitupe baharini, yaishe. Alipofika kwake akawasha kompyuta, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta... na akaukumbuka ule utepe wa hospitali. Kijiji kikifutwa, msichana atakuwa wapi?

Hakufuta. Badala yake alifanya kazi aliyoijua. Alilitia faili mahali pake, akabana alichobana, akaunganisha. Kufikia saa nane mchana kidude kilikuwa hakigandi tena. Alitembea kijiji kizima kwa kidole gumba. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Alipofika ua wa saba akasimama. Dirishani kulikuwa na kivuli cha mtu mwenye nywele nyekundu, amekipa kioo mgongo.

Mlango ulikuwa mbele yake. Kilichobaki ni kitufe kimoja.

Hakukibonyeza.

Kisha akavaa koti, akaenda kwa Gregor, akamwekea kidude mezani.

"Imekwisha," alisema.

Gregor alikitazama kama mtu anayetazama nyoka. "Umebisha?"

"Nimebisha mara tatu. Mlango unafunguka vizuri tu. Ndani hamna kitu, kiti kitupu na mshumaa. Morag alikuwa bibi mpweke aliyekutisha, Gregor, ukatishika." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Ijaribu mwenyewe kabla hujaipeleka. Ndiyo kazi yako, si ndiyo?"

Gregor aliinua macho. Walitazamana.

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Alitoka. Alipofika kwenye gari ufunguo ulimwanguka mara mbili.

*

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, simu ililia. Ilikuwa namba asiyoijua, na mwanamke aliyepiga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ni wewe Ripeka? Mimi ni mama yake Tamsin. Ameamka! Ameomba mkate na chai! Anasema nikutafute, sijui amekujuaje. Anataka kukuuliza jambo moja, ngoja nimpe."

Zikasikika shuka zikisogezwa. Kisha ile sauti.

"Dada," Tamsin alinong'ona. "Umemwingiza nani?"

Ripeka hakukumbuka jinsi alivyofika kwa Gregor. Catriona alimfungulia akiwa na aproni, tabasamu zima usoni.

"Afadhali umekuja, pengine wewe atakusikiliza. Tangu asubuhi kajifungia na hicho kidude chenu, namwita haitiki. Unamjua mwenyewe akishazama kwenye kazi. Ingia tu, wifi, niko na sufuria motoni."

Mlango wa chumba cha kazi haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hewa ilinuka majivu.

Gregor alikuwa ameketi wima kitini. Macho wazi. Kifua kinapanda na kushuka taratibu, kama cha mtoto aliyeshiba. Mbele yake, juu ya meza, saa yake ya mkononi na pete yake ya ndoa vilikuwa vimepangwa sambamba, kama vya mtu aliyevua akaenda kuogelea.

Ripeka alivitazama vitu vile viwili mpaka macho yakamuuma.

Mtu anayekwenda kujaribu gemu havui pete.

Alijua, basi. Au hakujua, na pete ilikuwa inambana tu, baridi hii ikivimbisha vidole. Aliamini uongo wa dada yake, au aliuona ulivyo na akaukubali? Hakukuwa na wa kumuuliza.

Alikitoa kidude kwenye vidole vya Gregor. Vilikuwa vya moto bado. Kwenye kioo ukungu ulikuwa unapita, na dirishani mwa nyumba ya saba alisimama mwanamume mwenye mabega mapana, mgongo kwa dunia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kama anacheka. Kama analia. Kidude hakikuwa na nafasi ya kuonyesha tofauti.

Leo ilikuwa tarehe ishirini. Siku nane zilikuwa bado za mtu mwingine kubisha, Gregor atoke.

Kidole gumba cha Ripeka kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kubishia. Hakujua kimefikaje pale.

"Anasemaje?" Catriona aliita kutoka jikoni. "Chakula kinapoa!"

Ripeka aliondoa kidole.

"Anakuja, wifi," alijibu.