Mboje Hakutazama Ng'ombe

Mboje wa Shishiyu, wilayani Maswa, ni mfugaji hasa. Mchanganyie ng'ombe wake na wa kijiji kizima, atawatambua kwa mikia tu. Asubuhi hiyo alikuwa akinywa uji huku akitazama simu. Mkewe, Mektilda, alichambua pamba uani. Salvatory, kijana aliyetoka Kasulu, Kigoma, kuja kuwavunia pamba, alikuwa ameenda bombani kuchota maji.

Mara picha ikaingia kwenye simu. Ilionyesha vijana wenye mapanga, na nyuma yao ng'ombe. Chini yake iliandikwa: "Vijana wa kuja kutoka Kigoma wanaiba ng'ombe Maswa. Ni nyoka hawa. Wafukuzeni. Tuma kwa wengine."

Mboje hakumaliza uji. Aliituma kwenye kundi la sungusungu, walinzi wa kijiji. Akaongeza maneno yake: "Hata kwangu yupo mmoja."

Mektilda alichukua simu akasoma.

"Baba Shida, watamuua mtoto wa watu."

Jirani yao Judica, afisa maendeleo ya jamii wa kata, aliingia haraka. Naye alikuwa ameuona ujumbe.

"Mwangaluka, Baba Shida. Ulimwona Salvatory akiiba?"

"Sikumwona. Lakini si picha hii hapa?"

"Nani aliipiga? Wapi? Lini?"

Mboje alitafuta jina na tarehe kwenye ujumbe, hakuona.

"Mtu akipiga mwano, ule ukelele wa kuita msaada, kijiji kizima kinatoka na fimbo," Judica alisema. "Je, akiupiga bila kuona mwizi?"

"Sungusungu wanamwadhibu."

"Basi kutuma ujumbe huu ni kupiga mwano. Hata sheria ya mtandao inakataza kusambaza uongo. Na ukimwita mtu nyoka, unawaambia watu wampige. Haya, itazame tena."

Safari hii Mboje alitazama ng'ombe. Aibu ikamshika.

"Pembe ndefu hivi? Hawa si ng'ombe wa kwetu kabisa."

Mfugaji mzima, alikuwa ametazama mapanga tu. Alirukia baiskeli, akakimbilia bombani.

Huko alimkuta Salvatory amezingirwa, ndoo imemwagika. Luhaga, kiongozi wa sungusungu, alikuwa ameshika fimbo.

"Mwacheni," Mboje alisema akihema, akawaonyesha picha kwenye simu. "Mwano nimepiga mimi, na ni wa uongo. Tazameni pembe hizo."

Luhaga alitazama, akashusha fimbo.

"Na wewe unajiita mfugaji," alisema.

Watu wakacheka. Mboje alifuta ujumbe wake palepale. Kisha akatuma sauti kwenye kundi, akaomba radhi na kueleza ukweli.

Mektilda alipomwona Salvatory anarudi mzima, alimshukuru Mungu kwa sauti. Wakakaa kula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ndipo Salvatory akatoa simu yake.

"Baba, picha hiyohiyo mama alinitumia jana. Anataka nirudi nyumbani."

Chini yake iliandikwa: "Vijana wa Kisukuma wanaiba ng'ombe Kasulu. Wafukuzeni."

Mboje alicheka hadi machozi. Kisha akajifuta uso.

"Mpigie mama yako, ng'wanone, mwanangu."

Simu ilipopokelewa, Mboje aliichukua yeye.

"Mama Salvatory, naitwa Mboje. Ni Msukuma mwenyewe. Usiogope, mama. Mwanao ni mzima, na hapa anakula."