Pita Panapong'aa

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Jovelyn, kila mtu alijua kazi yake. Baba alitoka kwanza kuchomoa waya wa umeme uliopasha injini ya gari usiku kucha, maana bila waya huo gari lisingewaka kwa baridi ya mji wa Winnipeg. Mama alikaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu. Jovelyn, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanga viatu vya theluji mlangoni. Zamani alipanga vyake na vya wazazi wake tu. Tangu Oktoba iliongezeka jozi moja, na hiyo ilimkera kuliko baridi yenyewe.

Jozi hiyo ilikuwa ya Analiza, binti wa mjomba wake, aliyekuja kutoka Ufilipino pamoja na baba yake. Mjomba alipata kazi katika kiwanda cha nyama nje ya mji, akawa anarudi Jumamosi tu. Analiza akabaki kwao, akilala chumba kimoja na Jovelyn.

"Ana, mwanangu, ongeza yai," Mama alisema asubuhi hiyo. "Umevaa soksi ngapi? Hebu lete miguu nione."

Jovelyn naye akanyoosha miguu yake. Hakuna aliyeitazama.

"Mama, koti langu limekuwa fupi mikononi."

"Vumilia kidogo. Mwenzako hajazoea baridi, ndiyo maana nimeanza na lake."

Mwenzako hajazoea! Wimbo ulikuwa huo huo kila siku. Kichwa cha samaki, ambacho tangu zamani kilikuwa haki ya Jovelyn, sasa kilikwenda kwa Analiza. Koti jipya jekundu, Analiza. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na zaidi ya mwezi na jembe hajaliona! Jovelyn alisukuma sahani yake kando. Wivu ulikuwa umemjaa.

Mchana mvua ikanyesha juu ya ardhi iliyokwisha kuganda. Kila tone lililogusa chini liligeuka barafu, na basi la shule likashindwa kufika. Mwalimu wao, Bi Kowalchuk, akamwita Jovelyn.

"Mama yako amepiga simu. Mrudi kwa miguu, mshikane mikono. Anasema umwambie Analiza akanyage theluji ya pembeni, asipite njia inayong'aa. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alielewa vizuri mno. Mgeni katika baridi yake ya kwanza huogopa kile cheupe. Akiona theluji hudhani ndiyo inayoangusha watu, na akiona njia nyeusi inayometameta hudhani mvua imeiosha tu. Jovelyn mwenyewe alishawahi kuanguka hivyo, mpaka watu wa kituo cha basi wakamwonea huruma.

Walipotoka nje, Jovelyn alipanda kwenye theluji ya pembeni, akawa anatembea polepole kama bata.

"Dada, mbona unajitesa humo?" Analiza aliuliza. "Hapa kati hapana theluji hata kidogo."

Jovelyn alilitazama lile koti jekundu. Maneno ya Mama yalikuwa mdomoni mwake, akayameza.

"Basi pita hapo panapong'aa," alisema. "Njia nzuri si ndiyo yako siku zote?"

"Haya, asante!" Analiza akacheka, akapita.

Alifika kwenye mteremko wa daraja. Miguu yote miwili ikaruka, mkono ukatangulia chini, na Jovelyn akasikia ko! Kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi. Kisha Analiza akapiga ukelele, na furaha ile ikageuka hofu.

"Dada, mkono! Dada, usiniache!"

Barabarani gari moja lilizunguka lenyewe, likaishia kwenye ukingo. Upepo ulizidi na giza lilianza kuingia. Hapakuwa na wa kumbeba Analiza. Jovelyn alivua soksi zake za juu, zile za sufu, akazivisha nje ya viatu vya Analiza ili visiteleze. Skafu akaifunga shingoni mwa mwenzake kushikilia ule mkono.

"Kaa chini tuteremke kwa makalio," alisema.

"Watu watatucheka!"

"Wacha wacheke, wao wako ndani. Sogea."

Waliteremka hivyo, kisha wakaambaa na uzio mmoja baada ya mwingine, Analiza akilia, Jovelyn akimshika kiuno. Walipofika nyumbani vidole vya miguu vya Jovelyn vilikuwa havina hisia.

Baba aliwapeleka hospitali mwendo wa kobe. Analiza alifungwa plasta ngumu, na Mama alipofika kutoka kazini, mtoto yule akamwambia, "Shangazi, Dada ndiye aliyenifikisha. Alinipa soksi zake."

Mama alimkumbatia Jovelyn mbele ya wauguzi. "Shujaa wangu! Kumbe nimezaa mtu! Leo kichwa cha samaki ni chako."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri tangu Oktoba. Yalimchoma.

"Mama, usinisifu," alisema huku akilia. "Mwalimu alinipa maneno yako. Sikumwambia. Nilimwambia apite panapong'aa. Nilimwonea wivu."

Analiza aliacha kutabasamu. "Ulijua, Dada?"

"Nilijua. Nisamehe."

Analiza akageukia ukutani. Mama akakaa kitandani kati yao, akamshika kila mmoja.

"Nimekosea mimi kukusahau, Jovelyn, na hilo nitalirekebisha. Lakini lako ni kubwa zaidi. Wivu humpata kila mtu. Ubaya ni kuulea kimya mpaka ukamvunja asiye na hatia. Ukiwa na donge nami, njoo unigombeze mimi. Usiitume barafu. Na leo umesema kweli wakati uongo ungekuletea sifa. Anzia hapo. Kesho utamfunga Ana viatu, na keshokutwa pia, mpaka mkono upone."

Analiza alizungumza bila kugeuka.

"Na safari hii," alisema, "njiani yeye atatangulia."

"Nitatangulia," Jovelyn akasema.