Kiti cha Bibi Khamnoi

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilimshikia bibi yangu Khamnoi kiti. Alisimama nyuma ya kiti, akainua mguu pembeni polepole na kuushusha. Kisha alikaa na kuinuka bila kutumia mikono. Gegedu la nyonga yake, ule utando laini unaokinga mifupa isisagane, lilikuwa limelika, na Dada Kitima wa kliniki ndiye aliyemfundisha mazoezi hayo ya kuimarisha misuli.

Jirani yetu Bi Wilai alikuwa na ugonjwa huohuo, ila yeye alifanya mazoezi ya majini kwenye bwawa la kuogelea la mjini. Akirudi, nywele zikimchuruzika maji, lazima asimame langoni kwetu.

"Khamnoi, bado unakibembeleza kiti?" alicheka. "Njoo majini, mwenzangu! Mimi sasa hata sokoni naenda kwa miguu."

Bibi alitabasamu tu. Mimi nilichukia. Nilichukia zaidi jioni moja Mama aliposema, "Mwenzake anatembea, yeye bado anachechemea. Kliniki tunaacha, tunapoteza muda bure." Bwawani nako Mama hakuwa na nafasi ya kumpeleka. Basi Bibi angebaki kukaa tu, mguu ukizidi kukakamaa! Na nani alimuuliza yeye mwenyewe anataka nini? Hakuna!

Siku ya ibada tulikwenda kwenye hekalu letu la Kibudha. Bibi alikaa sakafuni, miguu ameikunja upande mmoja kama tunavyokaa mbele ya watawa, akabaki hivyo mahubiri yote. Yalipokwisha, hakuweza kuinuka. Mama na mimi tulimnyanyua huku machozi yakimlengalenga.

"Hayo ndiyo mazoezi ya kiti!" alisema Bi Wilai, akiinuka kutoka kwenye kiti cha plastiki kule nyuma.

Nilimgeukia. "Wewe umekaa kwenye kiti, Bi Wilai! Bibi amekunja nyonga mbovu muda wote huu, halafu mnamlinganisha na wewe? Huo ni uonevu!"

"Dao! Unapiga kelele hekaluni?" Mama alinivuta mkono. Lakini kesho yake alitupeleka kliniki mwenyewe.

"Bibi, mbona hukuniambia unavyokaa?" aliuliza Dada Kitima, Mama alipomweleza ya hekaluni.

"Nipande kitini, nikae juu kuliko mtawa, mwanangu? Aibu hiyo!"

"Na mimi sikukuuliza. Hilo ni kosa langu. Mazoezi ya majini yanafaa, ya nchi kavu nayo yanafaa. Bora ni yale unayoweza kuyaendeleza. Ila ukiikunja nyonga hivyo kwa muda mrefu, maumivu yatarudi tu."

Mama alikwenda kwa mtawa mkuu kuomba ruhusa. Mtawa alishangaa kuombwa. Viti vile viliwekwa kwa ajili ya wazee kama Bibi.

Wiki kadhaa zilipita, Bibi akiendelea na mazoezi yake na kukaa kitini hekaluni. Siku moja ya ibada, mahubiri yalipokwisha, Bibi aliinuka kitini bila kushikwa na mtu, akachukua kikapu chake cha wali wa kunata, akakipeleka mwenyewe mbele kwa watawa.

"Kumbe kiti kimebembelezeka!" alisema Bi Wilai, na safari hii hata mimi nilicheka.

Mama hakucheka. Alinishika bega.

"Hukupaswa kumpigia mtu mzima kelele, Dao. Lakini hasira yako ilikuwa ya haki. Nililinganisha mwendo wa watu wawili bila kutazama wanavyoishi, nikamhukumu mama yangu mzazi. Ukitaka kulinganisha, mwanangu, tazama kwanza kila kitu."