Mikono ya Elodie

Kila asubuhi, kabla ya kupanda kilima cha hospitali, Elodie alikaa kwenye benchi la Mama Fifi, pembeni ya soko la Walikale, akanywa chai ya tangawizi taratibu. Aliipenda kona ile kwa sababu hakuna aliyemsemesha. Siku hiyo alikuwa bado anaipuliza chai wakati pikipiki iliyotoka njia ya Masisi ilipoteleza katika matope mbele yake na kuanguka kwa ubavu. Gunia likapasuka. Fromage, jibini za duara, zikatoka humo na kubingirika kati ya mafungu ya majani ya sombe na samaki wa chumvi.

Dereva alikuwa kijana mrefu, buti za mpira, koti la jeans, na kofia pana ya wafugaji ambayo ilikwenda kutua chini ya meza ya muuza chumvi. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Bega lake la kuume lilikuwa limeshuka, limekaa mahali ambapo bega halikai.

"Tuvute, itarudi," mwanaume mmoja alisema, amekwisha kukamata mkono.

"Achia. Musimuvute."

Watu waligeuka. Elodie naye alitaka kugeuka amtazame aliyesema, maana sauti ile hakuijua kuwa ni yake.

"Mwenye atavuta atamuharibishia mukono," aliendelea, taratibu sasa. "Hatujue kama mufupa umevunjika."

"Na weye ni nani?"

"Miye ni kiné."

"Kiné njo nini?"

Elodie alifungua kitenge cha kijani alichojifunga juu ya blauzi yake nyeupe, akakipitisha chini ya kiwiko cha kijana, akaufunga mkono kwenye kifua chake.

"Dada," kijana alisema, jasho likimtiririka, "fromage yangu."

"Fromage itakungoja. Bega haingoje."

Jina lake lilikuwa Muhire, wa Kirolirwe, mwana wa wafugaji. Alikuwa akipeleka fromage za nyumbani kwao hadi Walikale, na njia ikiruhusu, hadi Hombo. Madaktari walimrudishia bega siku ileile. Mkono ulipofunguliwa baada ya majuma kadhaa haukuweza kuinuka hata kufika kwenye sikio, ndipo walipomtuma kwa Elodie, kiné wao, mtaalamu wa tiba ya viungo, kwenye chumba cha mwisho cha baraza ya hospitali, chenye magodoro, fito za mkalitusi za kujifunzia kutembea, na kamba inayozunguka kwenye rimu ya baiskeli.

"Tena," Elodie alisema.

"Dada, unaniua."

"Wenye kufa hawalalamikake. Tena."

"Kwetu ngombe ikishindwa kuzaa tunaivuta na huruma kuliko vile."

"Ngombe haisemake sana kama weye."

Muhire alicheka mpaka kamba ikamponyoka. Siku iliyofuata aliomba namba ya simu. Elodie aliinamisha macho, akajibu kama mtu anayesoma ubaoni: "Mpaka mukono ipande yote, weye ni mugonjwa wangu. Kisha tutaonana kama watu."

Muhire aliupandisha mkono wote siku ya soko kubwa, mbele ya wagonjwa wengine, ambao walipiga makofi.

"Sasa niko mutu?"

"Kidogo," Elodie alisema, akaandika namba.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Muhire alipanda kilima nyuma ya zizi ili apate réseau ya simu.

"Sheri, niko huku juu, ngombe zinaniangalia kama mupumbafu."

"Zimekujua. Uzisalimie."

"Zinauliza utakuja wakati gani."

"Zinauliza ao weye njo unauliza?"

"Tunauliza pamoja."

Wazee wakatumana. Siku ya mahari ikapangwa, kule Muheto kwa baba yake Elodie, Papa Callixte, mkulima wa maharagwe. Kabla ya hapo mama wa Muhire, Nyirakamana, alitaka kumwona binti kwa macho yake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo linalochoma. Watu hawajui kiné ni nini, na kutojua si kosa. Kosa ni kucheka. Elodie alipokuwa mwanafunzi Goma, wenzake wa idara nyingine waliwauliza kama wanasomea kukanda unga. Alikesha na mifupa na mishipa kama wao, akaenda stage ya mazoezi hospitalini, akajifunza kumfundisha kutembea mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya risasi, kumnyoosha mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda, kumrudishia mzee mdomo uliokataa kushika kijiko. Alipomaliza, nusu ya darasa hawakupata kazi. Mwingine anauza mega za simu barabarani, mwingine anaendesha moto, pikipiki ya abiria. Yeye akapata, akaja Walikale ambako wengi hawataki kuja, na neno analosikia kila siku ni lipi? "Enda pale chini, wakupige massage." Mchimbaji aliyeangukiwa na udongo kule kwenye madini akirudi kutembea, anapeleka kuku kwa daktari. Na msichana aliyemshika kiuno miezi yote asianguke, huyo anaitwa yule anayeshikashika wanaume.

Muuguzi akimvua mgonjwa nguo, ni kazi. Kiné akimshika goti, ni umalaya. Nani aliyeweka sheria hiyo?

Elodie alikwenda Kirolirwe amevaa gauni la bluu lenye mikono mirefu, nywele amesuka zimelala. Nyirakamana alimpokea kwa mikono yote miwili, akamketisha kwenye mkeka mpya, akamletea maziwa mazito katika kikombe cha mti. Katika nyumba ile maziwa si kinywaji tu. Mgeni anayepewa maziwa amepewa nyumba. Elodie, mtoto wa maharagwe na muhogo, hakuyazoea, lakini alikunywa, akafika katikati.

Papa Faustin, mjomba wa Muhire, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake.

"Nasikia kule Walikale kuko mwanamuke anapakaa wanaume mafuta na kuwakandakanda," alisema, akimtazama Muhire. "Watu wa moto wanasema njo huyu wetu."

Elodie aliinua macho kumtazama Muhire. Alingoja. Kwa nini asingoje? Mkono ule Muhire aliokuwa anauegemeza ukutani, nani aliurudisha?

"Huyu ni infirmière, Papa," Muhire alisema. "Nilimwambia mama tangu mwanzo. Ile kazi ingine ataiacha."

Papa Faustin akatikisa kichwa, ameridhika. Nyirakamana akatabasamu. Infirmière, yaani muuguzi. Kumbe ndivyo alivyokuwa akiitwa katika nyumba ile tangu mwanzo.

Elodie alikiweka kikombe chini, nusu yake imejaa. Akasema aksanti, akasema anakwenda, akatoka. Hakupaza sauti. Aliyekuwa nje angedhani mgeni amekumbuka tu kwamba njia ni ndefu. Lakini ndani, Nyirakamana alikuwa anakitazama kikombe kana kwamba ametemewa mate.

Muhire alipiga simu siku iliyofuata. Elodie alikuwa kazini, akimfundisha Papa Nestor, mwalimu mzee aliyepooza upande mmoja, kufunga vifungo vya shati.

"Umeacha maziwa ya mama," Muhire alisema. "Unajua ile ni nini kwetu? Mama amelia."

"Na miye ulininywesha nini?"

"Elodie, kwetu hatujibishane na mukubwa mbele ya mugeni. Nilinyamaza ju ya heshima."

"Ungenyamaza ningekuelewa. Haukunyamaza. Ulisema nitaacha."

"Nilisema tu ili aache maneno."

"Basi ulimupa miye, ili aache maneno."

Ng'ombe mmoja alisikika kwa mbali.

"Sheri wangu..."

"Usiniite vile. Uniite infirmière," alisema, akakata.

Akaitia simu mfukoni. Papa Nestor aliendelea kupambana na kifungo, macho chini, kama mtu asiyesikia.

"Mwanangu," alisema hatimaye, ulimi mzito, "kama ule kijana anataka infirmière, hapa ziko mingi. Umuonyeshe Colette."

Colette, muuguzi wa kweli na rafiki yake, alicheka kutoka mlangoni. "Miye simutake. Ananuka fromage."

Elodie alicheka, kisha akalia, kisha akasema, "Tena, Papa. Kifungo ya chini."

Muhire alipiga tena na tena. Elodie aliacha simu iite. Na hapo wote wawili wakafanya kosa la aina moja. Siku ya mahari ilikuwa imekwisha kupangwa na wazee, na hakuna aliyeifuta. Elodie aliona haya kumwambia baba yake. Kila alipompigia Muheto, Papa Callixte alimsimulia maharagwe aliyoyatenga kwa wageni, naye akaaga bila kumwambia. Akajisemea: Muhire ndiye mwanaume, atawaambia watu wake wasije. Muhire naye alingoja zuio kutoka Muheto. Lilipokosekana, akaamini amesamehewa.

Hivyo wageni wakaja.

Walifika Muheto wamevaa kofia zao pana na makoti yaliyopigwa pasi, Papa Faustin mbele, Nyirakamana amejitanda vitambaa vyeupe begani, Muhire nyuma ndani ya suti ya kijivu iliyombana. Elodie alikuwa jikoni na shangazi zake, amevalishwa kitenge cha zambarau cha kushona, shanga shingoni. Kupitia ukuta wa mbao alisikia kila neno.

Siku kama hiyo kijana anayeoa hana mdomo. Wazee husema, yeye hukaa kama kiti. Papa Faustin alisimama, akasafisha koo, akayapanga maneno yake vizuri, kwa maana alikuwa hodari katika kazi hiyo.

"Papa Callixte, tumepita milima ju ya jambo moja. Kijana wetu aliona kwenu mutoto wa adabu, infirmière mwenye mikono safi. Njo huyo tumekuja kuomba."

Mikono safi. Elodie aliitazama mikono yake, iliyolainika kwa mafuta ya kazi.

Wakamtoa nje. Akina mama wakapiga vigelegele. Papa Callixte, katika koti lake la misa, alimuuliza swali ambalo kila baba huuliza, na ambalo kila binti hulijibu kwa neno moja dogo kabla ya ngoma kuanza.

"Elodie, mwanangu, wageni hawa unawajua? Tupokee ile wameleta?"

Alikuwa anatazama chini. Miguu yake ilitaka kurudi jikoni. Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na kesho yake angekuwa mke wa mtu na si kiné, na wagonjwa wa chumba cha mwisho wangeambiwa waende nyumbani wakapakwe mafuta na jirani.

"Papa," alisema, "hawa wanatafuta infirmière. Hapa haiko infirmière. Ule mwenye wanatafuta, miye simujue."

Vigelegele vilikatika. Papa Callixte aliwageukia wageni. Papa Faustin alitabasamu kwa wazee, kama anayesamehe mzaha wa mtoto.

"Ni haya ya mabinti," alisema. "Infirmière, kiné, mambo ya hospitali ni moja."

"Haiko moja," Muhire alisema.

Alikuwa amesimama. Papa Faustin alimvuta pindo la koti. "Ikaa. Leo hausemake."

"Wazee, munisamehe. Nilinyamaza mahali ilifaa kusema, sasa nasema mahali inafaa kunyamaza." Sauti yake ilipasuka, akaanza upya. "Papa Callixte, Papa Faustin hakudanganya. Miye njo nilidanganya. Nilimwambia mama kwamba Elodie ni infirmière, kisha nikasema ataacha kazi. Elodie ni kiné. Alisomea. Anakamata magoti ya wanaume, na migongo yao, na viuno vyao, na kisha wanatembea. Miye alinikamata bega. Nilijua yote ile, nikaificha ju niliogopa watu wa moto watanicheka. Mama, ile maziwa aliacha, miye njo niliiharibu katika kinywa chake."

Nyirakamana alikuwa anamtazama Elodie, kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Mama," Elodie alisema, "kuacha kikombe yako nilikosea. Nisamehe. Weye hukunitukana."

Mama yule alishusha pumzi. "Nilipewa uongo nikaumeza," alijibu. "Wote wawili tulikunywa vibaya."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Namutaka Elodie na kazi yake," Muhire alisema. "Akiiacha, iwe ni yeye amechoka, haiko miye nimemuomba. Kama wazee wangu hawawezi kusema vile, murudishe vitu vyetu, nitarudi peke yangu kusema. Nampenda vile yuko."

Papa Faustin aliitazama fimbo yake. Papa Callixte, ambaye aliuza maharagwe ya misimu mingi kwa ajili ya diploma ile na ambaye hata yeye hakuwahi kujua kuielezea kwa jirani, alijinyoosha ndani ya koti la misa.

"Mwanangu, nakuuliza mara ya pili. Unawajua?"

Elodie aliinua uso. Machozi yalikuwepo, lakini sauti haikuwa ya kunong'ona. Wenye kusimama nje ya ua waliisikia.

"Huyu namujua, Papa. Na namutaka. Lakini Papa Faustin aanze tena maneno yake toka mwanzo, na aseme vile niko."